Bunduki Haiwezi Kusahihisha Kosa la Lango

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, 1976, uwanja wa ndege wa Entebbe ulijaa bunduki. Watekaji nyara walikuwa nazo, askari wa Uganda waliowekwa kuuzunguka uwanja walikuwa nazo, na makomando wa Israeli walioshuka gizani walikuja na zao. Lakini mkasa ule haukuanzia Entebbe. Ulianzia Athens, Ugiriki, tarehe 27 Juni, pale watu wanne walipopanda ndege ya Air France iliyokuwa ikitoka Tel Aviv kwenda Paris, wakiwa wameficha bastola na mabomu ya mkono katika mizigo yao. Ukaguzi wa pale ulikuwa hafifu, na hapana aliyewazuia. Mateka watatu walikufa katika mapambano ya Entebbe, na wa nne, bibi mzee aliyekuwa amepelekwa hospitalini Kampala, aliuawa baadaye. Kamanda wa makomando naye alianguka, pamoja na askari wengi wa Uganda. Uzembe wa dakika chache katika lango la Athens ulilipiwa kwa damu ya watu ambao wengine wao hawakuwahi kuliona lango hilo.

Wengi wetu tunaovaa sare leo tulikuwa bado hatujazaliwa wakati huo. Hata hivyo twaona yafaa kuukumbusha mkasa huo, kwa sababu kila ukaguzi wa viwanja vya ndege unaposhindwa mahali popote duniani, huzuka watu wanaodai kwamba dawa ni kuwaruhusu watu wema wachukue bunduki. Sauti hiyo ina nguvu zaidi Marekani, lakini hata kwetu Afrika ya Mashariki haikosi wafuasi. Sisi, ambao kushika bunduki ndiyo kazi tuliyofundishwa, twapenda kuwaeleza ndugu wasomaji kwa nini hatukubaliani nayo.

Tuanze na Marekani kwenyewe. Kati ya mwaka 1968 na 1972 zaidi ya ndege 130 zilitekwa nyara katika nchi hiyo. Wenye mashirika ya ndege walichelea kwamba upekuzi ungewachukiza abiria na kuharibu biashara. Hatimaye, kuanzia tarehe 5 Januari, 1973, ikaamriwa kwamba kila abiria na mzigo wake wa mkononi akaguliwe. Utekaji ukapungua sana. Lango lilifanya kazi ambayo bunduki hazikuwa zimeifanya.

Lakini lango likisahauliwa huota kutu. Miaka ilipopita, kazi ya ukaguzi iliachiwa makampuni ya watu binafsi yaliyolipa mishahara duni, na walinzi wakawa ni watu wa kuja na kuondoka. Asubuhi ya tarehe 11 Septemba, 2001, watu 19 walipita katika malango hayo na kuziteka ndege nne, wakaua watu karibu 3,000. Sheria za wakati ule ziliruhusu abiria kuingia na kisu chenye makali yasiyofika inchi 4. Katika uwanja wa Dulles, karibu na Washington, mashine ya kugundulia chuma ililia kwa baadhi ya watekaji. Wakapitishiwa kifaa cha mkononi, kisha wakaachwa waende bila kuthibitishwa ni kitu gani kilichoiliza mashine. Mashine ilitimiza wajibu wake. Mwanadamu aliyesimama kando yake hakuutimiza wake.

Baada ya msiba huo serikali ya Marekani ilichukua jukumu la ukaguzi mikononi mwake na kuunda idara mpya, milango ya vyumba vya marubani ikaimarishwa, na fedha nyingi zikatumika. Pamoja na hayo, mwaka 2015 ilifichuka kwamba wapelelezi wa serikali hiyo hiyo walijaribu mara 70 kupitisha silaha na mabomu ya bandia katika malango ya viwanja mbalimbali, na mara 67 walifaulu. Mkuu wa muda wa idara hiyo akaondolewa katika nafasi yake.

Hali kadhalika, mwaka 2023 wakaguzi wa Marekani walikamata bunduki 6,737 katika mizigo ya mkononi ya abiria, yaani zaidi ya 18 kila siku, na katika kila 100, 93 zilikuwa na risasi ndani. Sheria ya huko humruhusu abiria kusafirisha bunduki yake ikiwa haina risasi, imefungwa katika sanduku gumu lenye kufuli, imetangazwa kwa shirika la ndege, na imewekwa pamoja na mizigo mikubwa. Basi hao maelfu waliokamatwa, ambao jawabu lao la kawaida ni kwamba walisahau, walikuwa na njia ya halali mbele yao. Mtu anayeweza kusahau kwamba ana bastola iliyojaa risasi katika mkoba wake, twaweza kumwitaje mlinzi wa wenzake?

Wanaotaka bunduki ziruhusiwe si wapumbavu, na hoja zao hazistahili kubezwa. Wao husema kwamba polisi hufika baada ya maafa, na kwamba mwovu hatafuti ruhusa ya mtu. Kwa hoja kama hizo, mwaka 2002 Marekani ilipitisha sheria ya kuwaruhusu marubani waliofunzwa na serikali kuchukua bastola wawapo kazini. Mwaka 2014 jimbo la Georgia liliruhusu wenye vibali kuingia na silaha katika sehemu za viwanja vya ndege zilizo kabla ya lango la ukaguzi. Mwaka 2013, mkaguzi mmoja alipouawa kwa risasi katika uwanja wa Los Angeles, chama cha wafanyakazi wenzake kilidai kwamba baadhi yao wapewe silaha. Ni rahisi kuuelewa uchungu wao. Wakuu wa idara walikataa, wakapendekeza polisi wawekwe karibu na malango, na kila mtu aendelee na kazi aliyofunzwa. Sisi twaona waliamua vema.

Tunasema hivyo kwa sababu twajua gharama ya kuibeba silaha. Katika shule ya maofisa wanafunzi, kabla hatujafundishwa kulenga shabaha tulifundishwa kutoa risasi. Kila askari aliyerudi kambini alisimama mbele ya pipa la mchanga, akachomoa magazini, akavuta, akaangalia chemba kwa jicho lake na kuigusa kwa kidole chake, na mwenziwe akathibitisha. Jambo hilo lilifanywa asubuhi, mchana na usiku, na aliyelisahau mara moja aliadhibiwa mbele ya wote. Na bado, baada ya mafunzo yote hayo, pipa lile lilikuwa na matundu. Kila tundu lilikuwa ni risasi ya mtu aliyeamini kwamba bunduki yake ilikuwa tupu.

Ndani ya ndege au katika ukumbi wa abiria hapana pipa la mchanga. Tarehe 22 Machi, 2008, ndege iliyotoka Denver ilikuwa inakaribia kutua Charlotte wakati bastola ya rubani ilipofyatuka yenyewe mikononi mwake, risasi ikatoboa ubavu wa chumba cha marubani. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Huyo alikuwa ni mtu aliyechaguliwa na kufunzwa na serikali. Tarehe 20 Novemba, 2021, katika uwanja wa Atlanta, abiria aliukimbilia mkoba wake uliokuwa unapekuliwa, akaichukua bastola iliyokuwamo, nayo ikafyatuka. Umati wa watu ukakimbia kwa hofu wakidhani ni mashambulizi, watu watatu wakaumia, na safari za ndege zikasimama kwa muda.

Na tusijifiche nyuma ya sare zetu pia. Tarehe 6 Januari, 2017, katika uwanja wa Fort Lauderdale, jimbo la Florida, abiria mmoja alipokea mzigo wake uliokuwa na bastola aliyoitangaza kwa kufuata sheria, akaijaza risasi chooni, akatoka na kuua watu 5. Mtu huyo alikuwa amewahi kuwa askari na kupelekwa vitani Iraki. Baada ya hapo wengine walidai kwamba kama abiria wangekuwa na bunduki wangemzuia. Twawaomba wafikirie kidogo. Katika ukumbi uliojaa kelele na kilio, polisi anaingia mbio na kuwakuta watu kumi wasio na sare, kila mmoja na bastola mkononi. Ampige yupi? Sisi tuliopata mafunzo ya mapigano ya ndani ya majengo twajua kwamba swali hilo halina jibu la haraka, na risasi haingoji jibu.

Basi tiba ni nini? Tukiwa katika shule hiyo ya maofisa, usiku mmoja mkufunzi wetu alivaa sare yake yenye nyota, akachukua mkoba na kuelekea katika lindo tulilokuwa tumewekwa. Tulimtambua kwa mwendo wake. Tukasimama wima, tukapiga saluti, tukafungua lango. Asubuhi, mbele ya gwaride zima, aliufungua mkoba huo na kutoa bomu la mbao. Hakutukaripia kwa sauti kubwa. Alituuliza tu kama adui hawezi kushona nyota begani. Tulizunguka kambi siku tatu tukiwa na mifuko ya mchanga mgongoni, na hadi leo hapana kati yetu anayeona aibu kumwambia mkubwa wake afungue mkoba.

Hiyo ndiyo maana ya ukaguzi. Tarehe 17 Aprili, 1986, katika uwanja wa Heathrow, London, mwanamke mja mzito alifika ili asafiri na ndege ya shirika la El Al kwenda Tel Aviv. Mkoba wake ulikuwa umekwisha kupita katika mashine za uwanja bila tatizo. Afisa wa usalama wa shirika hilo aliendelea kumwuliza maswali kwa upole: anasafiri na nani, anakwenda kwa nani, mkoba ameufunga nani. Majibu hayakumridhisha. Alipoupekua mkoba ule alikuta baruti zaidi ya kilo moja chini ya sakafu ya uongo, iliyotiwa humo na mchumba wa mwanamke huyo pasipo yeye kujua. Mamia ya watu waliokolewa, na hapana bastola iliyochomolewa.

Wala tusidhani kwamba adui huja kwa lango la mbele tu. Tarehe 2 Februari, 2016, bomu lililofichwa ndani ya kompyuta ya mkononi lililipuka katika ndege ya Daallo iliyokuwa imeruka kutoka Mogadishu kwenda Djibouti. Lilitoboa ubavu wa ndege na kumtupa nje aliyelibeba, lakini rubani aliweza kuirudisha ndege salama. Picha za kamera zilionyesha wafanyakazi wa uwanjani wakimkabidhi abiria huyo kompyuta baada ya yeye kuvuka ukaguzi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa turudi nyumbani. Nani asiyewahi kuona mtu mwenye cheo akifika langoni, dereva akipiga honi, na mlinzi akiogopa kumwambia ashuke? Nani asiyewahi kumsikia mpambe akisema kwamba bosi hapekuliwi, na kwamba bastola ya bosi ina kibali? Mlinzi anayelipwa mshahara mdogo, ambaye jana mwenzake alikaripiwa kwa kutimiza wajibu wake, atafanya nini isipokuwa kupiga saluti na kufungua? Ufa wetu uko hapo.

Kwa hiyo twatoa maoni haya. Kwanza, asiwepo mtu wa kusamehewa ukaguzi kwa sababu ya cheo, na sisi wanajeshi tuwe wa kwanza kujipanga mstarini. Pili, silaha ya kila mtu asiye zamu uwanjani ikabidhiwe katika lango la nje, itolewe risasi mbele ya mashahidi, iandikwe katika daftari na mwenyewe apewe risiti. Tatu, wafanyakazi wa uwanjani wapekuliwe kama abiria, kila siku, hata kama wanajulikana kwa majina. Nne, wakaguzi walipwe vema na wapokezane mara kwa mara mbele ya mashine, maana jicho lililochoka huangalia bila kuona. Tano, wajaribiwe bila taarifa, kwa bomu la mbao kama sisi, na anayemzuia mkubwa kwa kufuata sheria alindwe na apandishwe cheo.

Abiria nao wana wajibu wao. Kuvua viatu na mkanda, kufungua mkoba, kungoja nusu saa juani, ni mambo ya kuudhi, na mkaguzi hana budi kuyafanya kwa adabu. Lakini yule anayetuchelewesha langoni anatulinda zaidi kuliko jirani wa kiti cha pili mwenye bastola kiunoni.

Waliokufa Entebbe mwaka 1976, mateka na askari, hawakukosa bunduki karibu nao. Walikosa mtu mmoja katika lango la Athens wa kusema: ndugu, tafadhali fungua mkoba huo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.