Ua la Usambara lirudi madirishani kwetu

KIBARAZANI
Na Rehema Kilindi

Yule bibi wa Hannover au Chicago mwenye ua dogo la zambarau dirishani, lenye majani manene ya vinyweleo, analea mtoto wa Tanga. Mwaka 1892 ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta huku kwetu akampelekea baba yake. Baba akalifikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka uliofuata akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo huo. Wenyeji waliopita kando yake miaka yote hawakuingia kwenye jina, ingawa Wajerumani wa kawaida hadi leo wanaliita violeti ya Usambara. Miaka ya 1920 kampuni ya Armacost and Royston ya Los Angeles ikaotesha mbegu kutoka Ulaya na kuchagua miche bora. Kufikia 1946 Wamarekani wakawa na chama kizima cha wapenzi wa ua hili.

Sisi tumebaki na bogenvilia na waridi. Ulizia Saintpaulia kwenye vitalu vya barabarani uone utakavyotazamwa. Na wanaobahatika kulipata, wengi huliua, kisha husema ni ua la nchi za baridi. Baridi gani? Lilikutwa pia kwenye mawe ya chokaa karibu na mji wa Tanga, na jamaa zake wako Kilifi, joto lote lile.

Linauawa na maji. Anayetaka kulielewa apande Amani, kwenye milima ya Usambara, afuate Mto Sigi, alitazame linavyoishi: kwenye ufa wa jiwe, chini ya miti mirefu, udongo usiojaa kiganja. Mvua inanyesha na maji yanapita, hayatuami. Kwa hiyo chungu kiwe kidogo na chenye matundu; upana wake theluthi moja ya upana wa mmea unatosha. Udongo mzito wa shambani haufai. Changanya mboji iliyooza vizuri, vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa chumvi, na chenga za mkaa au mchanga mnene. Tia kidole: juu pakikauka, weka chungu kwenye sahani ya maji kwa nusu saa hivi, kisha mwaga yaliyobaki. Usimwagie majani. Maji ya baridi kutoka kwenye friji yakigusa jani huacha madoa yasiyofutika, na yakituama katikati ya mmea huleta uozo. Vumbi lipanguse kwa brashi laini.

Mwanga linautaka mwingi, ila si jua lenyewe. Baraza lenye kivuli, au dirisha la mashariki linalopata jua changa la asubuhi, ndipo mahali pake. Likikataa kutoa maua huku majani yakirefuka vikonyo, lisogeze karibu na mwanga kabla hujakimbilia mbolea.

Kulizidisha ni rahisi kuliko muhogo. Kata jani zima lenye afya, acha kikonyo cha sentimita tatu hivi, kichomeke kwa kulaza kidogo kwenye mchanganyiko uleule wenye unyevu kiasi. Baada ya wiki kadhaa vichipukizi hujitokeza chini yake. Jani moja laweza kukupa miche kadhaa, ya kwako na ya jirani.

(Wenye vitabu vipya wasishangae: mwaka 2015 wataalamu waliifuta jenasi ya Saintpaulia na kuiingiza katika Streptocarpus, kundi la maua ambayo watunza bustani wa Ulaya huyaita primrosi za Cape, wala si primrosi. Madukani hakuna aliyejali.)

Ninachokataa ni kung'oa msituni. Baadhi ya aina zimebaki kwenye miamba michache tu, na ile ya Taita kule Mbololo haina kwingine pa kwenda. Mti wa kivuli ukikatwa, jua linapiga jiwe na ua linakauka, hata kama hakuna aliyeligusa. Jani la kuoteshea liombwe kwa mwenye chungu.

Vijiji vya Amani vinaweza kazi hii ya kuotesha ua kwa majani na kuliuza. Vimewahi kufuga vipepeo na kuwauza Ulaya na Marekani, hadi serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Ua lililooteshwa kwa jani si mnyamapori, na mnunuzi wa kwanza yuko Tanga na Dar es Salaam, halihitaji ndege. Ndugu zangu wa wakala wa misitu, TFS, mnaosimamia hifadhi ya Amani, wapeni wanakijiji mafunzo na kibanda cha kitalu pale langoni. Mgeni atoke na chungu chenye ua la Usambara, na fedha ibaki Usambara.