Fundi wa nguo alizikwa na vyama viwili

JUMAMOSI iliyopita nilikuwa Kiriaini, pale ambapo barabara ya kutoka Murang'a huendelea kuelekea Othaya na Nyeri. Sikwenda kununua parachichi wala kusalimia jamaa. Nilikwenda kuzika.

Marehemu alikuwa fundi wa nguo. Kwa zaidi ya miaka ishirini alishona sare za shule jijini Nairobi, na kila mwezi alitoa mchango wake katika chama cha watu wetu, sisi tuliotoka upande huu wa Mathioya kwenda jijini kutafuta riziki.

Chama hicho kiligawanyika miaka mitatu iliyopita. Wenye magari na kazi za ofisini walipandisha mchango, wakahamishia mikutano yao hotelini. Mafundi, wachuuzi na walinzi wakabaki na chama cha zamani. Fundi wetu aliomba kuhamia kwa wakubwa. Cha zamani kikamfuta kwenye daftari, kipya nacho hakikuwa kimemwandika. Hapo ndipo mauti yalipomkuta.

Mwili ulikaa mochari siku tisa huku kila upande ukisema mzigo ni wa mwenzake, na bili ikipanda kila kukicha. Siku ya mazishi tulikuja na mabasi mawili, mashada mawili na madaftari mawili ya rambirambi. Mjane aliuliza swali moja tu: "Kwani watu wa kwetu ni wangapi?" Hakuna aliyemjibu.

Wakati wa chakula niliketi karibu na mzee mmoja ambaye ujanani mwake, katika miaka ya 1960, alikuwa tarishi katika ofisi ya serikali mjini Nyeri.

"Guka," nikamwuliza, "mambo haya umewahi kuyaona?"

"Niliyaona kwa Wagoa, mjukuu wangu," akanijibu. "Makarani wetu walikuwa Wagoa. Kanisa lao moja, chakula chao kimoja, lakini karani hakukubali kucheza dansi ukumbi mmoja na fundi aliyemshonea suti."

Nilirudi Nairobi na maneno hayo kichwani. Hebu nikueleze, msomaji, maana vijana wengi wa leo hawawajui watu hawa.

Wagoa ni wenyeji wa Goa, pwani ya magharibi ya Bara Hindi. Wareno waliitwaa nchi hiyo mwaka 1510, na hawakuondoka mpaka jeshi la India lilipowatoa mwezi Desemba mwaka 1961. Ndiyo maana Wagoa waliokuja kwetu wengi wao walikuwa Wakatoliki wenye majina kama Fernandes, de Souza na Pinto, lakini lugha yao ya asili ni Kikonkani.

Kwao mashamba yalikuwa haba na kazi chache, kwa hiyo wakapanda meli. Unguja walipiga muziki katika bendi ya Sultani. Mombasa, Nairobi na Kampala wakawa makarani wa serikali na reli, wapishi, waokaji mikate na mafundi wa nguo. Mmoja wao, Dkt. Rosendo Ayres Ribeiro, alikuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza wa Nairobi, na alikwenda kuwaona wagonjwa akiwa amepanda punda milia! Ndiye aliyetambua tauni ilipoingia katika soko la Wahindi mwaka 1902.

Mtu aliye ugenini hutafuta wa kwao. Wagoa wakaanzisha vilabu, na vilabu hivyo havikuwa mahali pa kunywea tu. Huko ndiko kijana aliyeshuka melini jana alikojuana na wenzake. Huko vijana walifundishwa hoki, wasichana wakapata wachumba mbele ya macho ya mama zao, na Krismasi ikaliwa sorpotel, ule mchuzi mkali wa nguruwe wenye siki, pamoja na bebinca, keki ya tui la nazi inayookwa tabaka moja baada ya jingine. Tarehe 3 Desemba huwa sikukuu ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri, ambaye mwili wake umehifadhiwa Goa, nayo haikusahaulika.

Mpaka hapo ni sifa tupu. Lakini tazama jambo moja. Jiji la Nairobi peke yake lilikuwa na Goan Institute iliyojaa makarani, na Goan Gymkhana ya waliojihesabu kuwa wa daraja la juu. Mafundi wa nguo nao wakawa na chama chao kando. Utabaka wa kwao, waliotoka nao Goa, ulivuka bahari pamoja na masanduku yao. Watu waliopiga magoti kwenye altare moja asubuhi, jioni waliingia milango mbalimbali.

Na mkoloni je? Yeye hakujali ni nani wa Gymkhana na nani wa cherehani. Machoni pake wote walikuwa Waasia, chini ya Mzungu na juu ya Mwafrika, na mshahara ulilipwa kwa kufuata rangi.

Waama, waliokumbukwa zaidi katika jamii hiyo ni wale waliotoka nje ya ukuta wa kilabu. Pio Gama Pinto, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1927, angeweza kukaa raha mustarehe na wenzake. Badala yake aliwasaidia wapiganaji wa Mau Mau, wale waliojificha katika msitu wa Nyandarua ulio juu ya vilima vyetu hivi, akatiwa kizuizini mwaka 1954. Aliuawa kwa risasi jijini Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Fitz de Souza alikuwa miongoni mwa mawakili waliomtetea Mzee Jomo Kenyatta kule Kapenguria. Joseph Murumbi, ambaye baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmaasai, alikuwa Makamu wa Rais mwaka 1966.

Uwanjani nako mambo yalikuwa hivyo hivyo. Seraphino Antao wa Mombasa alishinda dhahabu mbili katika michezo ya Jumuiya ya Madola kule Perth mwaka 1962, mbio za yadi 100 na yadi 220. Nchi nzima ilishangilia, wala hakuna aliyeuliza yeye ni wa kilabu gani.

Kisha majira yakageuka. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, Waasia wengi walipewa miaka miwili ya kuamua kama watakuwa raia wa Kenya. Mwaka 1967 zikaja sheria za vibali vya kazi na leseni za biashara kwa wasio raia, na mwaka 1968 Uingereza nayo ikabana mlango wake. Karani na fundi walipanga foleni moja, kila mmoja na pasipoti yake mkononi. Wengi waliondoka. Huko Uingereza na Kanada wameanzisha vyama vya Wagoa, na mtu aliyetoka Afrika Mashariki hufurahi kumwona mwingine wa huko bila kumwuliza kwanza baba yake alikuwa na kazi gani.

Je, msomaji, lazima tufike ughaibuni kwanza ndipo tujuane?

Mimi naona sisi tumeiga kosa lao bila kuiga jema lao. Wagoa, pamoja na kugawanyika kwao, walikuwa na dansi, hoki, karamu na watoto waliokulia ndani ya kilabu. Vyama vyetu vingi vya jijini hukutana kwa mambo mawili tu: michango na maiti. Watoto wetu hawaji, na wakija hawaelewi kinachosemwa, kwa kuwa Kikuyu tumewanyima nyumbani. Chama cha namna hiyo kikigombana juu ya pesa hakibakiwi na kitu cha kukishikilia.

Dawa si ngumu. Daftari liwe moja. Mchango uwe wa viwango, mwenye nacho atoe zaidi na mwenye kidogo atoe kidogo, lakini haki ya mazishi iwe sawa. Mikutano ifanywe mahali ambapo mchuuzi anaweza kuingia bila kuogopa bei ya soda. Na angalau mara moja kwa mwaka tukutane pasipo msiba, tule, tucheze, wazee wawasimulie watoto habari za huku milimani.

Nina jambo la kuungama kabla sijaweka kalamu chini. Mimi ni mwanachama wa kile chama kipya. Nilikuja Kiriaini katika basi la wakubwa, na siku zile tisa nilikaa kimya. Jumapili hii nitasimama mkutanoni niombe vyama virudi kuwa kimoja. Huenda wakanicheka. Heri kuchekwa kuliko kuulizwa tena na mjane mwingine watu wa kwetu ni wangapi, nikakosa jibu.

Wewe nawe, chama chenu kina madaftari mangapi? Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaaliwa.