Tukimbie Pamoja, Asiachwe Mtu

Mwaka huu tulikwenda ziara ya Milima ya Ngong. Basi lilikodishwa, kila mtu akatakiwa kutoa pesa. Siku ilipofika, darasani kwetu tulienda kumi na wanane tu. Ishirini na watano walibaki. Rafiki yangu, jirani yetu hapa Mashimoni, alisema tumbo linamuuma. Ukweli niliujua. Mama yake hufulia watu nguo, na wiki hiyo hakupata kazi.

Maoni yangu ni kwamba mwaka ujao twende kwa miguu, mbio za polepole, kwa siku tatu.

Msidhani naota. Kule Tanzania yuko Simon Mtuy. Mwaka wa 2006 alipanda Kilimanjaro, mita 5,895, na kushuka kwa muda usiofika saa kumi, bila kusaidiwa. Si mchezo! Lakini mtu huyo huyo ameongoza vikundi kukimbia kuuzunguka mlima kwa siku kadhaa, wakipita mashambani na vijijini. Hayo si mashindano. Mwepesi humngoja mzito.

Sisi je? Sisi ni wa shule ya kutwa, kwa hivyo tutalala kwetu. Jumamosi ya kwanza tukimbie hadi Karen na kurudi. Ya pili tufike mjini Ngong, turudi na matatu. Ya tatu tupande milima yenyewe, ambayo kilele chake kirefu ni kama mita 2,460. Nauli na ada ya langoni tuchange pole pole muhula mzima, na aliye nacho amsaidie asiye nacho. Walimu na wazazi waandamane nasi, maana barabarani kuna magari, na huko juu si vizuri kutembea peke yako.

Wengine watasema hatutaweza. Jamani! Si kila asubuhi tunapanda na kushuka mabonde ya Kibera, tukiruka mitaro, na kengele inatukuta shuleni? Asiye na raba aazimwe na mwenzake. Na mwendo uwe wa yule wa mwisho.

Siku ile kileleni wenzangu walishangilia. Mimi nilitazama Nairobi kwa mbali, nikamfikiria aliyebaki Mashimoni na tumbo lisilouma. Sitaki kupanda tena bila yeye.

Yangu ni hayo.