Kadi Mpya, Kadi ya Zamani na Amana ya Waumini



Kamati ya msikiti wetu hapa Kiseke ilikaa baada ya Swala ya Isha kujadili jambo ambalo sikutarajia kuliandika katika muhtasari wa kikao: kadi ya kompyuta. Vijana wanaorekodi darasa za kila wiki waliomba wanunuliwe kadi ya grafiki, ili darasa zirushwe moja kwa moja mtandaoni na ziwafikie wagonjwa na wazee wasioweza kutoka majumbani. Ombi lilikuwa jema. Lakini fedha iliyokuwepo ni ya michango, na ndani yake imo shilingi ya mvuvi na ya mama muuza dagaa. Mweka hazina wetu akauliza swali la haki: "Kitu hiki ni nini, na mbona nyinyi wenyewe hamkubaliani kipi kinunuliwe?"

Kadi ya grafiki ni kifaa kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili kufanya kazi ya kuchora picha zinazoonekana kwenye skrini. Ina viini vingi vidogo vinavyofanya hesabu kwa pamoja, na ina kumbukumbu yake yenyewe. Kijana wa kwanza alitaka GeForce GTX 750 Ti, kadi iliyotoka mwaka 2014, ambayo leo hupatikana ikiwa imetumika. Wa pili alitaka GT 1030 ya mwaka 2017. Hoja yake ilikuwa fupi: hii ni mpya zaidi, na namba yake ni kubwa zaidi.

Tuliwaomba waandike vipimo vya kadi zote mbili kwenye karatasi moja. Kadi ya zamani ina viini 640, na kumbukumbu yake hupitisha takriban gigabaiti 86 kwa sekunde. Kadi mpya ina viini 384, na kumbukumbu yake hupitisha gigabaiti 48. Zote mbili kwa kawaida huwa na kumbukumbu ya gigabaiti 2. Mpya inaishinda ya zamani katika umeme: inakula takriban wati 30 ilhali mwenzake anakula 60. Kwa matumizi ya saa 4 kila siku, tofauti hiyo haizidi uniti 4 za umeme kwa mwezi.

Jambo lililotushangaza lilikuwa jingine. Ili kurusha video, ni lazima video hiyo ibanwe kwanza, papo hapo, ipate kupita kwenye intaneti. Kadi ya mwaka 2014 ina sehemu maalumu ya kazi hiyo. Kadi ya mwaka 2017 haina. Basi kwa kazi tuliyoikusudia, kadi mpya ingekuwa pambo tu ndani ya kasha.

Wala shida haikuishia hapo. Mwaka 2018 lilitoka toleo jingine la GT 1030 lenye jina lilelile, ila limewekewa kumbukumbu ya aina ya DDR4 badala ya GDDR5. Toleo hilo hupitisha takriban gigabaiti 17 kwa sekunde, yaani karibu theluthi moja tu ya lile la kwanza. GTX 1060 nayo iko hivyo: yenye gigabaiti 6 ina viini 1280, na yenye gigabaiti 3 ina viini 1152. Mnunuzi anayesoma jina peke yake anaweza kudhani kuwa tofauti ni kumbukumbu tu.

Hapa nilikumbuka tukio lililopokewa na Imam Muslim, la Mtume (s.a.w.) kupita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la chakula na kukuta unyevu chini yake. Muuzaji akatoa udhuru kwamba kilinyeshewa na mvua, naye Mtume akamkemea kwa kutouweka unyevu ule juu watu wauone. Sisi watu wa Mwanza tunalielewa somo hili bila sherehe ndefu. Hakuna anayenunua sato pale Mwaloni kwa kutazama magamba tu. Hufunua mashavu kwanza. Basi na kadi tuifunulie mashavu: tuulize aina ya kumbukumbu, idadi ya viini na mwaka wa kutoka. Ikiwa imetumika, ichomekwe na ikaguliwe kwa programu ya GPU-Z, itolewayo bure, ambayo hudokeza pia baadhi ya kadi bandia zilizobadilishwa jina. Na anayeuza, aeleze aibu ya bidhaa yake kabla hajaulizwa.

Wala mtu asielewe kuwa nasifu ukongwe. GTX 580 ya mwaka 2010 ilikula hadi wati 244, wakati RTX 4060 ya mwaka 2023 ina nguvu maradufu nyingi kwa wati 115 tu. Kadi za zamani pia huachwa na watengenezaji wake: GTX 680 ya mwaka 2012 iliacha kupata draiva zenye maboresho mapya mwaka 2021. Ninachosema ni kwamba kazi ndiyo itangulie, kisha vipimo, kisha bei. Mzazi ambaye mwanawe anamshikilia amnunulie kadi na amuulize kwanza: ni ya masomo, ya kuhariri video, au ya michezo? Kisha amwambie aandike vipimo kwenye karatasi. Kijana mkweli ataandika, na katika kuandika atajifunza.

Ndivyo ilivyotokea kwetu. Yule kijana wa GT 1030, alipokuwa akiandika, aligundua kuwa kompyuta ya ofisi yetu, yenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha nne, tayari ina sehemu ya kubana video ndani ya prosesa yenyewe. Akaijaribu kwa programu ya OBS Studio, na kamera moja ikarusha darasa zima bila kukatika. Alikuja kikaoni akasema mbele ya wote kwamba alikosea, na kwamba hakuna haja ya kununua kadi yoyote. Mweka hazina alimwombea dua kabla hata hatujaendelea na ajenda.

Sehemu ya fedha ile imenunua maikrofoni, kwani malalamiko ya wasikilizaji yalikuwa juu ya sauti. Iliyobaki imerudi kwenye daftari, na kila mchangiaji anaweza kuja kuiona.

Wabillahi tawfiq.