James Dewar, Mpiga Besi Aliyebeba Santuri Nzima

Mtu aishikapo santuri ya Bridge of Sighs, iliyotolewa mwaka 1974, jina la msanii alionalo juu ya jalada ni moja tu: Robin Trower. Huyo ndiye mpiga gitaa, Mwingereza aliyejitoa katika bendi ya Procol Harum mwaka 1971, na bendi ilikuwa yake. Lakini sauti ya kuimba isikikayo tangu wimbo wa kwanza hadi wa nane si yake. Ni sauti ya mpiga besi, James Dewar, mzaliwa wa Glasgow huko Uskochi. Na msikilizaji asiyesoma maandishi madogo ya nyuma ya jalada aweza kuishi miaka mingi akimsifu Trower kwa uimbaji asioufanya.

Waliozoea madansi ya Afrika Mashariki wanajua jinsi kazi inavyogawanywa jukwaani. Yuko wa solo, yuko wa ridhimu, yuko wa besi, na nyuma yao ngoma na tarumbeta. Solo ipandapo juu, ridhimu hubaki chini ikiushikilia wimbo. Bendi ya watu watatu haina neema hiyo. Gitaa ni moja. Likienda kutembea, huacha pengo, na wa kuliziba ni besi. Jack Bruce, Mskochi mwingine, aliyepiga besi katika bendi ya Cream, aliliziba kwa kupiga sauti nyingi na za kasi, akasifiwa kwa haki. Dewar alishika njia nyingine. Alipiga chache, akazipiga mahali pake, huku akiimba. Jambo hilo si dogo, maana vidole hufuata mdundo wao na ulimi hufuata wa kwake. Anayedhani ni rahisi na ajaribu kupiga makofi ya wimbo mmoja huku akiimba mwingine!

Wimbo wenye jina la santuri huenda polepole mno, kama watu wapandao kilima na mizigo. Katika mwendo wa namna hiyo mpiga besi mwenye papara angeuharibu wimbo kabla ya ubeti wa pili. Dewar huiacha kila sauti ikae hadi ikomae, na juu ya utulivu huo sauti yake ya kuimba, nzito na yenye mikwaruzo kidogo, husikika bila kupiga kelele. Katika Too Rolling Stoned mambo ni kinyume: besi hukimbia pamoja na ngoma za Reg Isidore, na gitaa ndilo linalofuata. Kisha katikati wimbo hupunguza mwendo ghafla, na bendi nzima hugeuka bila kuyumba. Askari aliyepata kutembea nyuma ya bendi ya gwaride anaelewa: ngoma kubwa haitazamwi na mtu, lakini ikikosea, miguu yote hukosea.

Basi kwa nini Dewar hakutajwa sana? Jimi Hendrix alikuwa amefariki mwaka 1970, na watu walikuwa wakimtafuta mrithi wake. Waandishi wa muziki walipomsikia Trower, walianza ubishi juu ya gitaa: je, amemwiga Hendrix au hakumwiga? Santuri ilifika nafasi ya 7 katika orodha ya Marekani, na ubishi ukaendelea. Mpiga besi hakuwamo katika swali, basi hakuwamo katika jibu. Hata hivyo nyimbo mbili za santuri hiyo, The Fool and Me na Lady Love, alizitunga pamoja na Trower.

Hakuwa mgeni wa kazi. Alikwisha kupiga na Lulu, mwimbaji wa Glasgow, na baadaye katika bendi ya Stone the Crows. Lakini mwaka 1977 besi ilikabidhiwa Mmarekani Rustee Allen, naye Dewar akabaki na uimbaji tu. Baadaye alirudishiwa besi. Mwaka 1981 Trower akatoa santuri pamoja na Jack Bruce, na safari hii Bruce alipewa yote mawili, besi na uimbaji. Santuri ya Dewar mwenyewe, Stumbledown Romancer, aliyoirekodi katika miaka ya 1970, ilikaa kabatini hadi miaka ya 1990. Maradhi ya kiharusi yalimwondoa jukwaani, akafariki mwaka 2002.

Mwenye kuipata Bridge of Sighs na aongeze kidogo sauti nzito katika chombo chake, apunguze ile nyembamba, kisha aanze na Too Rolling Stoned. Gitaa litajisikiza lenyewe. Aisikilize besi, hasa pale mwendo unapobadilika.