Asiransi ya gari: mwenye gari analipa, aliyegongwa anabaki na deni

Wenzetu wa Goma, tuulizane: ile karatasi ya asiransi yenye iko kwenye kioo cha gari, inafanya kazi gani? Uliza dereva yeyote pale Signers ao Birere, jibu ni moja: «Ni ya rulaje.» Polisi akikusimamisha unamuonyesha, unapita. Basi, imeisha.

Sasa mtu akigongwa Majengo saa mbili ya usiku, mguu ukavunjika, nani anakumbuka hiyo karatasi? Watu wanajaa, dereva anatetemeka, familia mbili zinaketi kufanya mapatano. Mwenye gari anatoa kidogo, anaapa hana kingine. Mgonjwa anatibiwa, halafu anashikwa hospitalini wiki na wiki juu fakitire haijalipwa. Na gari iliyomgonga iko na asiransi, imelipwa kabisa! Hiyo njo inatukasirisha.

Tangu tarehe 5 Januari 1973, sheria ya Kongo inalazimisha kila chombo chenye motere kinachotembea barabarani kiwe na asiransi ya madhara kitakayowafanyia wengine. Wengine ni nani? Mama anayevuka na beseni lake, mtoto wa shule, kijana wa chukudu. Kampuni inapokea franga za mwenye gari ili siku ya ajali imlipe huyo mama: dawa, siku alizokosa soko, kilema kikibaki, na akifa, ilipe watu wake. Wala hana lazima ya kungojea huruma ya dereva. Anaweza kwenda kudai kwa kampuni yeye mwenyewe. Ni wangapi mu mji huu wamewahi kuambiwa hivyo?

Na wewe unayelipa, ujue unachonunua. Asiransi ya lazima haitengenezi gari lako, hailipi likiibwa, haikutibu wewe uliyefanya kosa. Kwa hayo kuna ingine ya bei ya juu, na hakuna anayekulazimisha kuichukua. Wengi wananunua ile ndogo wakifikiri wamenunua yote, siku ya shida wanapiga kelele: «Asiransi ni wezi!» Mara ingine ni wezi kweli. Mara ingine hakuna aliyekusomea, na karatasi yenyewe imeandikwa mu Kifaransa cha mahakama.

Bei inafuata nguvu ya motere na kazi ya gari: teksi ya kubeba watu mchana kutwa inalipa zaidi ya gari la mtu la kwenda kazini. Vinyeti ni kitu kingine, ni kodi. Hailipi mgonjwa yeyote. Mtu akikuuzia vyote kwa bei moja bila kupambanua, mdai risiti ya kila kimoja.

Tumefikaje hapa? Tangu 1966 muuzaji alikuwa mmoja, SONAS, mali ya serikali, na ilidumu karibu miaka 50. Unanunua kwake ao unakamatwa. Ajifunzie wapi kumheshimu mteja? Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ikafungua mlango, ARCA ikapewa kazi ya kusimamia, na 2019 kampuni za kwanza za watu binafsi zikapata ruhusa. Vizuri. Lakini kuongeza wauzaji ni rahisi. Sisi tunahesabu walipaji.

Halafu wamotari. Sheria inaweka mzigo wa kununua asiransi kwa mwenye chombo. Hapa kwetu vijana wengi wanaendesha pikipiki ya mtu mwingine, kila jioni wanamletea pesa yake. Polisi anamkamata nani? Kijana. Mwenye pikipiki amelala kwake. Kijana anatoa franga bila risiti, anaachiliwa, pikipiki inaendelea bila asiransi. Askari aliyezipokea amemwibia mtu atakayegongwa kesho, na huyo mtu anaweza kuwa mama yake mwenyewe.

Kwa hiyo tunadai: kila kampuni inayouza asiransi Goma ibandike mlangoni, kwa Kiswahili, nini inalipa na nini hailipi, na mtu aliyegongwa alete nini ili alipwe. ARCA itangaze kila mwaka kampuni gani imelipa wangapi mu Kivu ya Kaskazini. Rulaje wakamate pikipiki, lakini faini iende kwa mwenye nayo, na risiti itoke.

Na sisi tusingojee. Ajali ikitokea mbele yako, usipige video ya damu. Piga picha ya namba ya gari na ya karatasi ya asiransi: jina la kampuni, namba, tarehe ya mwisho. Omba polisi waandike PV. Chunga kila fakitire ya hospitali. Na yeyote asikubali kutia sahihi mapatano kabla familia ya mgonjwa haijafika kwa hiyo kampuni, hata kama mwenye gari analia.