Fidia kwa Anayemfunza Mwanagenzi

Karasha la kusagia mawe ya dhahabu halimvumilii fundi asiyejua kazi. Mhimili wake ukifungwa kombo, hata kwa unene wa ukucha, beringi hupata moto, grisi huyeyuka, na baada ya siku chache mashine husimama. Ujuzi wa kuunyoosha mhimili huo haupatikani darasani peke yake. Vijana wengi wa Geita, Katoro na Kahama huupata kwa kusimama kando ya fundi, wakimpa spana na kutazama mikono yake.

Fundi huyo hulipia ualimu wake. Katika miezi ya mwanzo mwanagenzi huharibu vijiti vya kuchomelea, hukata bomba fupi kuliko kipimo, na humpotezea bwana wake saa za kazi. Baadaye, aanzapo kuleta faida, huitwa na karakana ya jirani au na mgodi mkubwa kwa ujira mnono zaidi. Hatumlaumu kijana. Lakini yafaa tujiulize: ni nani atakayeendelea kupanda shamba ambalo mwingine huvuna?

Serikali haikulala. Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ya mwaka 1994 iliunda VETA, na waajiri hutozwa tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Kwa kiwango kilichowekwa Julai 2023, yaani asilimia 3.5, mwenye kulipa mishahara ya shilingi milioni 20 kwa mwezi alitakiwa kutoa shilingi 700,000. Hesabu hiyo haiulizi kama amefunza vijana kumi au hakufunza hata mmoja. Migodi, kwa upande wake, ilishirikiana na VETA Moshi tangu mwaka 2009 kuwafunza mafundi wake. Lakini mgodi una fedha za kufanya hivyo.

Wako wanaopendekeza kwamba mwajiri anayepokea wanagenzi apunguziwe kodi. Jirani zetu wa Kenya walijaribu njia hiyo mwaka 2016: mwajiri aliyechukua wahitimu wa vyuo vikuu wasiopungua 10, kwa miezi 6 hadi 12, aliruhusiwa kuondoa katika mapato yanayotozwa kodi nusu ya ziada ya mishahara yao. Nia ni njema. Lakini ni karakana gani ya Katoro itakayopokea wahitimu kumi, wakati yenyewe ina mafundi watatu na mashine moja ya kuchomelea?

Hapo ndipo ilipo kasoro. Tangu Julai 2021, mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya 10 hatozwi tozo hiyo. Huwezi kumsamehe mtu deni asilokuwa nalo. Nafuu ya kodi itawafikia wenye vitabu vya hesabu na wahasibu, nayo itampita yule anayefunza wengi.

Kwa maoni yangu, hapana budi sehemu ya tozo iwarudie mafundi wadogo kwa fedha taslimu au zana, tena kwa awamu mbili. Ya kwanza itolewe mwanagenzi aandikishwapo, nayo inunue miwani, glavu na vifaa vya mazoezi. Ya pili, iliyo kubwa zaidi, ingoje mpaka kijana afaulu jaribio la ufundi la VETA, ambayo tayari ina utaratibu wa kupima ujuzi uliopatikana nje ya chuo. Tukilipa kwa kuhesabu vichwa tu, wako watakaowaachisha kazi watu wazima ili wajaze vijana wa kufagia na kuchemsha chai. Wala fedha hizo zisimvute mtoto shimoni: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mgodini aliye chini ya miaka 18.

Kahama inajua kwa nini jambo hili halifai kungoja. Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009, na mwaka 2021 ukafunga kazi. Dhahabu ilikwisha kusafirishwa. Mafundi waliobaki mjini bado wanatengeneza mashine za mpunga, pampu na matrekta, na kila asubuhi milangoni pao husimama kijana anayeomba kufundishwa.